Maswali ya Wasomaji: Kamera Kwenye Ukingo wa Ziwa Lililoganda

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wasomaji waliokutana na majira ya baridi wakiwa na kamera mkononi na ziwa lililoganda mbele yao. Zinazofanana tumeziunganisha, na ndefu tumezifupisha.

Mhariri, salamu. Ufukwe umefunikwa na theluji nyeupe pe, lakini kila nikipiga picha inatoka kijivu kama saruji. Nimebadilisha lenzi, nimefuta kioo, hali ni ileile. Je, kamera imeharibika?

Kamera ni nzima, ndugu yetu. Mita yake ya mwanga ndiyo isiyojua kama mbele yake kuna theluji, nyasi au mkaa. Imetengenezwa kwa dhana moja: ukikusanya mwanga wote wa eneo unalolipiga, wastani wake ni kijivu cha kati, yaani kitu kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Theluji mpya hurudisha asilimia 80 hata 90. Mita ikikutana na mng'ao huo inaamini mwanga umezidi, inaupunguza, na weupe wote unashushwa hadi kwenye kijivu ilichokariri.

Dawa yake ni kitufe cha fidia ya mwanga, kile chenye alama za kujumlisha na kutoa. Theluji ikijaza karibu fremu nzima, anza na +1.7 na uwe tayari kufika +2 (kila 1 ni stopu moja, yaani mwanga mara mbili). Ikichukua nusu tu, huku nusu nyingine ikiwa miti au miamba, +0.7 hadi +1 inatosha. Barafu tupu ni kinyume chake. Pale upepo ulipofagia theluji na barafu ikabaki nyeusi ti, mita hudhani kuna giza na kuongeza mwanga, kwa hiyo rudi kwenye 0 au hata −0.7. Wengi hukwama hapa: wameweka +1.7 wakiwa ufukweni, wanaigeukia barafu nyeusi, wanasahau kurudisha, kisha wanailaumu lenzi.

Usipime mwanga kwa kuangalia picha kwenye skrini. Juani kila picha huonekana ya giza, na jioni kila picha huonekana kung'aa. Fungua histogramu, ule mchoro wa vilima unaoonyesha giza upande wa kushoto na weupe upande wa kulia. Kilima cha theluji kinapaswa kukaa upande wa kulia, karibu na ukuta lakini bila kuuegemea. Washa pia onyo la mwanga uliozidi, lile linalofanya sehemu zilizoungua zipepese. Vinukta vichache vya fuwele vinavyometa juani vikipepesa, viache, hata kwa macho havina undani wowote. Bonge zima la theluji likipepesa, punguza theluthi moja ya stopu na upige tena. Faili la RAW, lenye data yote ya kamera kabla haijabanwa, litakuruhusu kurejesha sehemu ya weupe uliopotea, ilhali JPEG iliyoungua haina cha kurejeshwa.

Mwanga ukiwa umetulia, njia ya uhakika kuliko zote ni kuhamia hali ya M, ile ambayo unaweka kila kitu mwenyewe. Pima kwenye theluji, weka tundu la lenzi, kasi ya shata na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), kisha usiviguse tena hadi wingu lipite au jua lishuke. Ukifanya hivyo, mti mweusi ukiingia kwenye fremu hautabadilisha rangi ya theluji kutoka picha moja hadi nyingine.

Kwa simu: gusa theluji kwenye skrini, shikilia kidole hadi mwanga ufungwe, halafu telezesha alama ya jua juu mpaka theluji iwe nyeupe lakini mikunjo yake bado ionekane.

Je, ni kweli kwamba vivuli kwenye theluji huwa vya buluu, au ni kamera yangu inayodanganya?

Ni kweli. Sehemu yenye kivuli haipati mwanga wa jua moja kwa moja. Inamulikwa na anga peke yake, na anga safi ni ya buluu. Macho yetu huusahihisha ubuluu huo bila kutuuliza, kamera huuandika kama ulivyo. Weka mizani ya rangi kwenye alama ya jua, takriban Kelvin 5500, badala ya kuiacha kamera ijiamulie, maana mizani ya otomatiki huyumba kila ukigeuza lenzi. Nyumbani ukitaka kupunguza ubuluu, punguza nusu yake. Ukiuondoa wote, upande wa theluji uliomulikwa na jua utageuka wa manjano, na ile baridi iliyokuwa ndani ya picha itaondoka pamoja nao.

Shikamooni. Ninataka kuingia hatua thelathini hivi ndani ya ziwa ili nipige nyufa za barafu nikiuangalia ufukwe. Barafu inatakiwa kuwa na unene gani? Kuna alama za viatu za watu waliopita, nadhani ni salama.

Marahaba. Tuanze na alama za viatu: zinaonyesha kwamba mtu fulani alipita, siku fulani, akiwa na uzito fulani. Hazisemi lolote kuhusu barafu ya leo.

Kipimo kinachotolewa na idara za maliasili za Amerika Kaskazini kwa mtu mmoja anayetembea kwa miguu ni sentimita 10 za barafu mpya, angavu, ile unayoweza kuona giza la maji kupitia ndani yake. Barafu nyeupe ni habari nyingine. Hiyo imetokana na theluji iliyolowa na kuganda, imejaa hewa, na nguvu yake ni kama nusu ya ile angavu. Kwa hiyo ihesabu mara mbili: sentimita 20. Unene haukisiwi kwa macho wala kwa kukanyagakanyaga. Toboa kwa keekee ya barafu au tindo ndefu, weka rula ndani ya tundu, na urudie kila baada ya hatua kadhaa, kwa sababu ziwa moja linaweza kuwa na sentimita 25 hapa na 6 pale.

Hizo sita utazikuta wapi? Mahali mto unapoingia au kutoka, juu ya chemchemi, chini ya madaraja, na popote maji yanapotembea. Pembeni mwa nguzo za gati, matete na miamba, kwa sababu vitu vyeusi hunyonya joto la jua na kulipeleka kwenye barafu. Chini ya theluji nene pia, maana theluji ni blanketi linaloizuia barafu isiendelee kuongezeka. Halafu kuna ukingo wenyewe. Maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4 za Selsiasi. Yakipoa zaidi ya hapo hubaki juu, na ndiyo sababu ziwa huganda kuanzia juu, likitangulia sehemu za kina kifupi. Hivyo mwanzoni mwa majira ukingo ndio wenye barafu ya kwanza, lakini mwishoni ardhi ikipata joto ndio wa kwanza kuoza. Wakati huo hata barafu ya sentimita 30 inaweza kuwa imegawanyika kuwa vijiti wima vinavyoachana chini ya mguu. Rula haitakuonya. Ukiona barafu imekuwa ya kijivu na imelowa, usiikanyage kabisa.

Mabwawa ya umeme yana hatari yake: maji yakifunguliwa, usawa hushuka na barafu hubaki ikining'inia juu ya uwazi.

Ukiwa na uhakika wa unene, bado nenda na mwenzako, mkiachana mita kadhaa. Vaa jaketi la kuelea. Ning'iniza shingoni misumari miwili ya kujiokolea yenye vishikio, na mwenye kamba awe yule asiyebeba kamera. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, ambaye amechunguza kwa miaka mingi jinsi mwili unavyofanya ndani ya maji baridi, ameeneza kanuni ya 1-10-1. Una dakika 1 ya kutuliza pumzi baada ya mshtuko, kama dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii, na kama saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa kupoa mwili. Watu wengi hawajui ile ya mwisho, wanadhani wanakufa papo hapo, wanapaparika na kuzimaliza zile kumi bure. Geukia ulikotoka, kwani barafu ya huko ilikubeba. Kita misumari, piga teke miguu ikiwa nyuma yako hadi ulale kifudifudi, jivute, kisha bingirika badala ya kusimama. Kamera iache izame.

Pamoja na yote hayo, maoni yetu ni kwamba hatua thelathini hazihitajiki. Nyufa, matete yaliyoshikwa na barafu, mawe yaliyovishwa barafu na mawimbi ya mwisho kabla ya kuganda, vyote viko ndani ya mita mbili kutoka nchi kavu. Shusha kamera hadi sentimita 30 kutoka chini, tumia lenzi pana, na ufa mdogo wa ukingoni utaonekana ukielekea upeo wa macho.

Ziwa linanguruma na kupiga mbinja usiku. Linapasuka?

Mara nyingi ni barafu inayotanuka na kusinyaa joto linapobadilika, hasa jioni na alfajiri. Mlio unaoanza juu na kushuka haraka hutokea kwa sababu ndani ya bamba la barafu sauti nyembamba husafiri kwa kasi kuliko nzito, basi zikitoka mbali hufika kwa zamu. Mlio huo peke yake si dalili kwamba barafu inavunjika. Wala si cheti cha usalama.

Nimeona picha za viputo vyeupe vilivyopangana ndani ya barafu. Vinapatikana wapi, na vinapigwaje? Zangu zinaonyesha anga tu.

Mahali panapojulikana zaidi ni Abraham Lake, Alberta, Kanada, bwawa lililotokana na Bighorn Dam iliyokamilika mwaka 1972. Mimea inayooza chini hutoa gesi ya methani, gesi inapanda, inakutana na barafu inayoongezeka unene, inanaswa tabaka juu ya tabaka. Upepo mkali wa eneo hilo hufagia theluji, ndiyo maana viputo vinaonekana. Ziwa Baikal la Urusi nalo lina viputo kama hivyo, pamoja na nyufa ndefu na mabonge ya barafu ya rangi ya feruzi. Kwa kawaida huganda kuanzia Januari hadi Mei. Lakini ziwa lolote lenye tope na mimea chini linaweza kukupa viputo, mradi barafu iwe angavu na isiwe na theluji juu. (Methani inashika moto. Usiwashe kiberiti juu ya tundu ulilotoboa.)

Anga unayoiona ni mwangwi wa mwanga juu ya uso wa barafu, na kinachoupunguza ni filta ya polaraiza. Ila filta hiyo haifanyi kazi kwa pembe yoyote. Juu ya barafu hufanya kazi vizuri zaidi lenzi ikiangalia uso kwa mshazari wa nyuzi kama 37 kutoka kwenye barafu yenyewe. Ukiinamisha kamera ikatazama chini wima, unaweza kuizungusha filta hadi kesho na hakuna kitakachobadilika. Zungusha polepole huku ukitazama viputo, si anga. Itakula stopu moja na nusu hivi ya mwanga, kwa hiyo andaa tripodi. Kwa lenzi pana sana angalia pia anga iliyo juu ya fremu, kwani filta huiacha na doa jeusi upande mmoja. Likitokea, punguza mzunguko kidogo na ukubali mwangwi mdogo ubaki.

Fagia vumbi la theluji kwa ufagio laini. Simama sentimita 40 au 50 kutoka kiputo cha mbele, tumia tundu la lenzi la f/11 (namba ikikua, tundu huwa dogo), na fokasi iwe kwenye kiputo, si kwenye mikwaruzo ya uso wa barafu, kosa ambalo fokasi ya otomatiki hulipenda mno. Ukipita f/16 picha nzima huanza kulainika kwa sababu ya mtawanyiko wa mwanga kwenye tundu dogo. Ni afadhali kupiga picha mbili, moja ikiwa na fokasi ya karibu na nyingine ya mbali, halafu uziunganishe.

Betri iliyojaa inazima baada ya dakika ishirini, na nikirudi ndani lenzi inatoka jasho. Nifanyeje?

Betri haijaisha. Baridi imepunguza kasi ya kemia ndani yake, na ikipata joto sehemu kubwa ya chaji hurudi. Kaa na betri mbili au tatu kwenye mfuko wa ndani, karibu na mwili, uzibadilishe kwa zamu. Zima Wi-Fi na skrini usiyoihitaji. Usizitupe zile "zilizokufa", zirudishe kwenye joto, utazihitaji tena baada ya nusu saa.

Lile jasho ni mvuke wa hewa ya ndani unaogeuka maji ukigusa kamera baridi, na unaweza kuingia hadi ndani ya lenzi na mashine. Kabla hujafungua mlango, toa kadi na betri, weka kamera ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu, kamua hewa, funga. Maji yatajikusanya nje ya mfuko. Subiri saa mbili. Kwa sababu hiyohiyo usiifiche kamera ndani ya koti kati ya picha na picha. Mwili una unyevu, na ukiitoa nje unyevu huo utaganda juu ya kioo. Theluji iliyotua kwenye lenzi ipeperushe kwa pampu ndogo ya hewa au brashi. Usiipulizie pumzi, na usiifute ikiwa bado kavu maana itayeyuka na kuganda upya.

Tripodi nayo ina tabia zake. Ukiitumia kwenye theluji iliyolowa au maji ya ukingoni, fungua kwanza vipande vya chini kabisa vya miguu, ili viungo vyenye kufuli vibaki juu ya maji. Vikilowa vitaganda, na hakuna nguvu itakayovifungua salama. Panua miguu kiasi kabla ya kuididimiza ndani ya theluji, usiifungue hadi mwisho, kwani ikizama theluji huisukuma nje na inaweza kuivunja. Miguu ya chuma ivishwe sponji, ama vidole vitajuta.

Nikiwa ukingoni kimya kinanijaa, nasimama hata saa nzima. Nikitazama picha baadaye naona kitambaa cheupe tu. Nakosea wapi?

Barua hii ndiyo tuliyoijadili zaidi mezani. Utupu unahisiwa na mwili mzima: baridi usoni, kukosekana kwa mawimbi, umbali. Picha ina macho peke yake. Kwa hiyo utupu kwenye picha unahitaji kitu kidogo cha kuupima: tete moja lililovunjika, nguzo ya gati, mtu wa mbali aliyevaa koti jekundu. Bila kipimo hicho mtazamaji hajui kama anaona kilomita tatu au meza.

Jaribu hivi. Kabla ya kuitoa kamera, andika sentensi mbili au tatu kwenye daftari, kwa penseli kwa sababu wino huganda: ni nini hasa kimekusimamisha? "Kimya" halikubaliki kama jibu. Endelea kuuliza hadi upate kitu chenye umbo. Labda ni mstari ambapo barafu inakutana na maji ambayo bado hayajaganda. Labda ni mvuke unaopanda hapo, maana hewa ni baridi kuliko maji. Labda ni kwamba anga na ziwa vimekuwa rangi moja na upeo wa macho umetoweka. Sasa una cha kupiga. Kama ni upeo uliotoweka, usiutafute: weka nguzo moja chini ya fremu, acha robo tatu iwe nyeupe, na upandishe mwanga hadi mpaka kati ya juu na chini usionekane. Kama ni ule mstari, uweke juu kabisa au chini kabisa. Katikati utaikata picha vipande viwili vinavyogombana.

Fikiria pia miguu yako. Theluji huandika kila hatua, na mandhari uliyoipenda huharibiwa mara nyingi na mpiga picha mwenyewe aliyekimbilia mbele. Simama, chagua sehemu tatu unazotaka kupigia, kisha pita nyuma yake kwa mzunguko, ukianza na ile pana ambayo haivumilii alama yoyote.

Wakati nao ni wa kujua. Kwenye latitudo ya nyuzi 60 kaskazini, adhuhuri ya tarehe 21 Desemba jua hupanda nyuzi 6.6 tu juu ya upeo. Maana yake ule mwanga wa dhahabu wa pembeni, ambao kwingine ni wa dakika chache, huko hudumu karibu mchana mzima, na machweo yakipita, saa ya buluu nayo huchelewa kuondoka. Huna sababu ya kukimbia. Chukua mwanga wa pembeni uchore mikunjo ya theluji, kwa sababu jua likiwa mgongoni kwako mikunjo yote hufutika, na hicho huenda ndicho kitambaa cheupe unacholalamikia.

Ukirudi, andika chini ya picha yale isiyoweza kuonyesha: joto la siku hiyo, upepo ulitoka wapi, ulisikia nini. "Mandhari nzuri ya baridi" ni maneno yanayofaa picha yoyote, basi hayaisaidii hii.

Theluji inayoanguka, kasi gani ya shata? Na nifanyeje nikitaka chembe moja moja?

Kusimamisha chembe hewani, 1/250 au zaidi. Kuzifanya michirizi, 1/30 hadi 1/60 na nyuma pawe na kitu cheusi kama misitu, kwani mbele ya anga nyeupe hazitaonekana kwa kasi yoyote. Flashi izime, maana huziwasha zile za karibu na kuzigeuza madoa makubwa.

Chembe moja moja ni kazi ya lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu sana. Wilson Bentley wa Jericho, Vermont, Marekani, alifanikiwa tarehe 15 Januari 1885 kwa kuunganisha kamera na hadubini, na hadi kifo chake mwaka 1931 alikuwa amepiga zaidi ya chembe 5,000. Kanuni zake hazijazeeka: kila kitu kinachogusa chembe kiwe baridi kama nje. Acha kitambaa cheusi cha sufu uani kwa nusu saa, kinga theluji, chagua haraka, bana pumzi unapokaribia. Zile zenye matawi sita marefu hutokea zaidi mawinguni penye nyuzi kama 15 chini ya sifuri na unyevu wa kutosha. Zikianguka vipande vilivyoshikana, nje kuna joto mno, subiri siku nyingine.